Baba Mkwe wa Rangi ya Buluu

Alhamisi, 6 Machi

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali: leo, saa tatu na robo asubuhi, kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kimegeuka buluu. Si buluu ya kubanwa na mlango. Buluu ya ufundi. Nimekiosha mara nne. Haitoki. Nimejivuna mara nne.

Maelezo, endapo siku moja daftari hili litaangukia mikononi mwa watu wa maana. Mimi ni mchora ramani katika ofisi ya wapima ardhi. Miaka hamsini na miwili. Likizo wiki mbili. Zamani, kabla ya kompyuta, ofisi yetu ilinakili ramani kwa jua. Unga wa kijani na unga mwekundu, kila mmoja na maji yake. Unachanganya gizani, unapaka karatasi kwa brashi, unaiacha ikauke humo humo gizani. Kisha unalaza mchoro juu yake, unabana kwa kioo, unatoa nje. Jua linapopenya, karatasi inakuwa buluu. Palipozibwa panabaki peupe. Unaosha kwa maji, basi. Hakuna mashine, wala wino, wala umeme. Makopo mawili ya unga yalikuwa yanatupwa kutoka stoo. Niliyaokoa. Wapo wanaookoa paka.

Jaribio la kwanza: jani la mpapai. Limetoka na mishipa yake yote! Mke wangu alilitazama, akasema ni zuri kweli, akauliza kama nina mpango wa kula kwa kidole hicho.

Mchana ndipo mdomo ulipokiponza kichwa. Mama mkwe, ambaye amekaa nasi miezi minne, anahamia kwa binti yake mkubwa Jumapili ya tarehe 16. Mbali. Tulipomaliza kula akaingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Bamba la kioo, ukubwa wa daftari dogo. Negativu ya marehemu baba mkwe, ya enzi za kamera za sanduku, weupe wote mweusi na weusi wote mweupe. Picha yenyewe iliharibiwa na paa lililovuja. Hajauona uso wa mumewe miaka kumi na tisa. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo kazi yangu ya jua inaweza kumtoa.

Shemeji alikuwepo. Kaka wa mke wangu. Ana duka la kuchapa picha, na kibao chake kinasema PICHA KWA DAKIKA TATU, hivyo mtaa mzima unamwita Dakika Tatu. Akasema lete hapa, Mama, nalipiga na simu, nalipeleka kwenye mashine, hata chai yako haitapoa.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Nikasimama na kidole changu cha buluu nikatangaza kwamba mzee hawezi kutolewa kama risiti ya duka, na kwamba kabla Mama hajaondoka atakuwa mkononi mwake, kazi ya mkono.

Mama akatutazama wote wawili. Akaamua. Mkwe amesema, ajaribu. Ikifika Jumamosi jioni hana kitu, bamba liende kwa Dakika Tatu.

Shemeji akanipiga bega. Akasema, “Shemeji, mimi dakika tatu, wewe siku tisa. Watu hatulingani vipaji.”

Tutaona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelitwaa bafu. Kazi inataka giza, na bafu lina kidirisha kimoja tu cha ukubwa wa tofali. Nimekiziba kwa boksi. Nikapaka karatasi kumi na mbili, nikazibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, nikabandika mlangoni: KAZI INAENDELEA. USIFUNGUE. Nikakaa ndani kulinda.

Saa kumi na moja mama mkwe akasimama nje na taulo. Sasa, mama mkwe hawezi kumwambia mkwe atoke bafuni, heshima haimruhusu. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe akaoge kesho, heshima haimruhusu. Akakohoa. Nikakohoa. Tulikohozana hivyo robo saa nzima, kila mtu na adabu zake, mpaka mke wangu akaja kuuliza ni nani kati yetu anayeumwa kifua, akausukuma mlango.

Jua lote la jioni likaingia. Karatasi kumi na mbili zikabadilika rangi mbele ya macho yangu.

Mama kaoga. Mimi sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Uamuzi wa busara: bamba silitoi kwenye kitambaa mpaka niwe na uhakika. Ni moja tu duniani. Nitajizoeza kwa kitu kingine. Nimechora uso wa mke wangu kwa wino kwenye plastiki ya ramani. Kazi safi, nilidhani. Yeye akauliza mbona pua yake ina mistari ya mwinuko kama kilima. Mazoea, mke wangu. Miaka ishirini na saba ya kuchora vilima.

Mawingu. Jua likitokea mbele ya nyumba, nakimbilia mbele na ubao wangu. Likihamia nyuma, nazunguka. Raundi kumi na moja. Jirani alitoka kwenye kibaraza akauliza ninauza nini. Picha imetoka hafifu, kama mtu aliyeahidi kuja akabadili mawazo.

Lakini imetoka!

Jumatatu, 10 Machi

Jana kupaka karatasi, leo jua kali. Nikakung'uta brashi yangu uani, kwa furaha. Sikuziona shuka.

Shuka mbili nyeupe, za mke wangu, za wageni. Matone yenyewe yalikuwa ya manjano hafifu, hayaonekani. Saa nne hayaonekani. Saa sita jua likafanya kazi ambayo kwa siku nne nilikuwa nalibembeleza liifanye, na likaifanya vizuri kuliko siku zote. Madoa ya buluu, nadhani mia moja. Mengine yalikuwa na umbo la kupendeza. Nikamwonyesha mke wangu lile linalofanana na bata. Hakupendezwa.

Aliziloweka kwenye sabuni ya unga na magadi. Buluu ikapauka, ikaisha! Ikabaki rangi ya njano kidogo sana. Akasema magadi ni kiboko ya kila uchafu. Nikaandika hilo pembeni ya ukurasa. Mtu mwenye bidii hujifunza popote.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya huzuni. Lakini nianze na ushindi. Dakika kumi na tano juani, maji beseni tatu, na uso wa mke wangu ukatoka wote: macho, kilemba, mistari ya mwinuko. Buluu nzito ya kumeza macho. Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akatoka kuona nyoka yuko wapi.

Kasoro moja. Pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na unjano kidogo. Nikafikiri. Ndipo matatizo yangu yote huanzia. Nikajiambia: jana sabuni na magadi vimeng'arisha shuka. Weupe wa shuka na weupe wa karatasi ni weupe ule ule. Nikakoroga beseni la nne, povu zuri, nikaizamisha picha.

Mke wangu aliondoka duniani kuanzia kidevu kwenda juu. Nusu dakika. Kilemba kilikuwa cha mwisho.

Nikaenda kwa Mwalimu Mstaafu, jirani yule yule wa kibarazani, aliyefundisha kemia miaka thelathini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaniuliza kama nilichotoa kwenye shuka jana kilikuwa uchafu au kilikuwa hiyo hiyo buluu yangu. Nikasema ni hiyo hiyo. Akauliza, sasa wewe ulitegemea magadi yaijue buluu ya shuka yaifute, halafu yaione ya karatasi yaisalimie? Akaongeza kwamba swali hilo aliwahi kuwapa kidato cha pili na hakuna aliyelikosa.

Maji matupu, akasema. Maji matupu, na mikono yako uishikilie nyuma.

Jumatano, 12 Machi

Dakika Tatu amekuja na zawadi. Picha yangu mimi. Kaipata kwenye simu ya dada yake, kaitia mashine. Nimevaa suti ambayo sina, tai ambayo sijui kuifunga, na nyuma yangu kuna maporomoko ya maji. Ngozi yangu imekuwa nyororo kama ya yai. Mke wangu aliitazama kwa muda ambao mume hawezi kuufurahia. Akasema nilipaswa kuanza kuvaa suti mapema.

Mama mkwe akaishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akauliza, “Huyu kijana ni nani?”

Nilitoka nje ili nicheke kwa heshima.

Shemeji kaitundika sebuleni hata hivyo. Nimeigeuza, uso ukutani. Baada ya chakula cha jioni nimeikuta imegeuzwa tena. Nimeigeuza. Vita vya kimya. Nyumba nzima inajua, hakuna anayesema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Jana usiku mvua, leo asubuhi mvua, adhuhuri mvua. Jua limechukua likizo yangu.

Nikakumbuka jambo. Wazee wa ofisini walisimulia kwamba siku za mvua walichoma ramani kwa taa ya cheche kali, mwanga wenye ukali wa jua lenyewe. Na nani mtaani kwetu anatengeneza jua dogo kila siku? Fundi wa kuchomelea! Tunamwita Cheche. Nikajifunika mwavuli, nikafunika ubao wangu kwa gunia, nikaenda.

Cheche alikuwa anamalizia geti la mteja. Nikamweleza. Akasema sawa, mzee, ila nichomelee nini? Nikamwambia chomelea chochote, mradi polepole na karibu na ubao wangu. Ni mtu mkarimu. Alichomelea dakika ishirini na tano, mimi nimetazama ukuta, tunapiga soga kuhusu ugomvi wake na jirani juu ya mpaka wa viwanja vyao.

Ripoti. Moja, karatasi imekuwa buluu, kwa hiyo wazee hawakudanganya. Mbili, cheche zilijipenyeza chini ya kioo zikatoboa plastiki, na mke wangu sasa ana matundu kumi na saba, mawili kati yake machoni. Tatu, mteja alipokuja kuchukua geti, ilionekana kwamba kule polepole na karibu kumeunganisha mbawa zote mbili kuwa kitu kimoja. Geti imara sana. Halifunguki.

Mteja alisema mengi. Cheche akanitazama. Nikasema mvua imepungua, ngoja niwahi.

Ijumaa, 14 Machi

Mawingu. Mama mkwe amefunga mizigo. Masanduku mawili, sufuria yake, redio.

Jioni alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nyuma, naangalia mbingu kama mtu anayemngoja mdaiwa. Akakaa ngazi ya juu yangu. Hatujawahi kukaa hivyo. Akasema, “Mkwe wangu, hata isipotoka, usijitie ugonjwa.” Kisha akasema sauti ya mumewe anaikumbuka. Kikohozi chake pia, na anavyoburuta kiatu cha kulia. Lakini uso umeanza kumponyoka. Anaushika kipande kipande, pua leo, kidevu kesho, na anapotaka kuviweka pamoja vinakataa kukaa. Anakokwenda hakuna mtu aliyemfahamu zaidi ya binti, na binti huyo alikuwa bwenini miaka mingi. Hatakuwa na wa kumuuliza.

Nikamwambia kesho jua litatoka. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimeliona kwenye ramani.

Akacheka. Nikaingia bafuni nikapaka karatasi zilizobaki. Tatu. Hakuna aliyekohoa mlangoni. Walikwisha oga wote tangu saa tisa, kwa makusudi.

Jumamosi, 15 Machi

Jua! Jua la kuchoma paa!

Saa tano kasoro nilifungua kitambaa. Nikalaza bamba juu ya karatasi, kioo juu, vibanio pande nne, nje. Karatasi ya kwanza: dakika kumi, hafifu. Ya pili: kuku wa Mwalimu Mstaafu alipanda juu ya kioo akasimama juu ya uso wa baba mkwe, akatulia, kama amekodishiwa. Ya tatu, ya mwisho: dakika kumi na nane. Nilisimama pembeni na fagio. Kuku alikuja mara mbili. Akaniona nimebadilika. Akarudi kwao.

Maji matupu. Beseni la kwanza, rangi ya kijani ikatoka. La pili, paji la uso. La tatu, mzee akafungua macho. Sijui namna nyingine ya kuandika. Nilimjua miaka michache tu kabla hajafariki, tayari mzee. Huyu alikuwa kijana, amevaa shati jeupe, mdomo umebana kicheko alichokatazwa na mpiga picha. Nikamwamkia.

Saa kumi Dakika Tatu akafika kuchukua bamba, mapema, kwa kujiamini. Nikamwonyesha. Aliishika kwa mikono miwili. Ni baba yake, hata hivyo. Kisha akasema taratibu, bila dhihaka, na hilo ndilo lililoniumiza, “Shemeji, Baba alikuwa na kovu shavu la kushoto. Alipoanguka na baiskeli. Mbona hapa liko kulia?”

Nikaangalia bamba. Nikaangalia picha. Bamba nilililaza kinyume: upande wenye picha ulitazama juu badala ya kuilalia karatasi. Mzee mzima kageuka. Kovu limehama, mfuko wa shati umehama, vishikizo vimehama. Karatasi zimekwisha. Unga umekwisha. Jua liko juu ya paa la Mwalimu, linashuka.

Nakiri: nilichukua brashi ndogo na tone la magadi. Nilitaka kufuta kovu la kulia, kisha nichore la kushoto kwa wino. Mimi, kwenye uso wa mtu aliyenipa mke! Brashi ilikuwa hewani mama mkwe alipoingia na kusema lete.

Nikampa. Nikaanza kueleza. Akanyanyua kiganja.

Alikaa. Aliitazama mpaka nikasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Kisha akacheka, kicheko cha msichana, na machozi yanashuka humo humo. Akatuambia kwamba nyumba yao ya kwanza ilikuwa na kioo kimoja cha kujitazamia, kimetundikwa kwenye msumari juu ya ndoo. Kila asubuhi mumewe ananyoa, yeye amesimama nyuma yake anafunga kitambaa, na mazungumzo yao yote ya siku wanayazungumza kwa kutazamana mle kiooni. Watoto wakiamka, basi, hakuna tena nafasi. Uso aliokuwa anautafuta ni huo. Kovu upande huo. Miaka thelathini na mmoja.

“Huyo mwingine ni wa watu,” akasema. “Huyu ni wangu.”

Shemeji akaomba, kwa adabu zote, amtengenezee na wa watu, kwa dakika tatu. Mama akasema tengeneza, mwanangu, wa sebuleni. Huyu ni wa chumbani.

Tulitoka uani mimi na shemeji. Alinisaidia kumwaga mabeseni.

Jumapili, 16 Machi

Mama ameondoka. Picha kaibeba mkononi, hakuitia kwenye sanduku.

Kwenye kuaga walikuja majirani, na kila mmoja akaonyeshwa. Mwalimu Mstaafu aliposifu, nilimweleza kwamba kugeuza bamba ni uamuzi mzito, wa kifundi, ambao mtu huufikia baada ya kutafakari sana namna mke anavyomwona mume. Shemeji akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba hakuwepo jana. Mke wangu alinitazama. Nikaendelea. Nilieleza hata wasioniuliza. Nilimweleza dereva.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa ukweli, kwa kuwa daftari hili linalala chini ya godoro upande wangu.

Sikutafakari kitu. Niliogopa. Upande wenye picha ulikuwa laini kama utando wa maziwa, nikadhani dawa itaubandua, nikauelekeza juu ili usiguse karatasi. Ni kosa ambalo kibarua wa siku ya kwanza pale ofisini angefokewa kwalo. Nimenakili ramani kwa njia hii nikiwa kijana, na kila siku tuliambiwa: wino uilalie karatasi. Niliambiwa labda mara mia tano. Uso ule aliutoa Mama, kwa kuutazama. Mimi nilipaka dawa na kufukuza kuku.

Hayo nimemwambia mke wangu jana, yote, hata brashi ya magadi. Akasema alijua tangu Jumamosi. Akasema nisirudie.

Nami nimekubali. Isipokuwa kwamba Cheche amekuja leo asubuhi. Bado hatujazungumzia geti. Anataka nakala ya ramani ya kiwanja chake, ya buluu, ya kizamani, aiweke kwenye fremu amwonyeshe yule jirani wanayegombana naye mpaka, kesho mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Ofisini kulikuwa na makopo mengine mawili, na karatasi.

Nimefikiri sana. Ramani iliyolazwa kawaida kila mtu anayo. Mkono wangu sasa una jina. Nimeigeuza.

Iliingia juani saa tano, dakika kumi na nane, maji matupu, na sijawahi kupata buluu kama hii maishani mwangu. Kisima chake kimehamia kwa jirani, pamoja na choo na nusu ya karakana. Lakini rangi! Nimemtumia ujumbe aje aichukue, na aje na mwenyekiti, aone.

Mwanzoni atashtuka kidogo. Atazoea.